Kilomita Tisini na Nne hadi Hospitali

6 Februari

Mpwa wangu Kidevu,

"Barabara kuu mtu hafundishwi. Ama anayo damuni, ama hana, na wewe huna." Hayo ndiyo maneno ya baba yako, kama ulivyoyanukuu. Salamu zitafuata, acha kwanza nimalizane naye.

Ni uongo, tena uongo wa kivivu. Damu haijui breki. Hakuna mtoto aliyetoka tumboni akijua kutumia kioo cha pembeni. Daktari anafundishwa kupasua tumbo. Baba yako mwenyewe, fundi saa, alifundishwa kushika kwa koleo kigurudumu kidogo kuliko punje ya mchele. Lakini kukanyaga mafuta mpaka kilomita themanini kwa saa, hicho eti ni kipaji! Wanaosema hivyo ni wa aina mbili: wanaojisifu na wanaoogopa. Wa kwanza wanataka uwaone watu wa pekee. Wa pili wanataka ukae nyumbani. Baba yako hajajisifu kwa lolote tangu azaliwe, kwa hiyo kundi lake unalijua. Na wote wawili wana hatia moja: kijana akishaamini kwamba ujuzi huu hauna masomo, anaingia barabarani bila somo hata moja, halafu tunasoma habari zake gazetini.

Haya, hujambo? Marahaba kwa shikamoo zote tatu. Mimi mzima, isipokuwa goti. Hapa kwenye kituo chetu cha kukagua magari paka amezaa ndani ya sanduku la fomu za magari mabovu, na mkuu wa ukaguzi kakataza asisumbuliwe, kwa hiyo wiki nzima hakuna gari lililoonekana bovu. Nimeliandikia gazeti. Mama yako mpe mkono. Baba yako msalimie hata asipoitika.

Sasa nione kama nimekuelewa. Jirani yenu mwenye teksi, anayempeleka baba yako kila Jumatatu na Alhamisi kwenye mashine ya kusafisha damu, anahama mwisho wa Aprili. Ni kilomita tisini na nne kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Kaka yako kaenda ng'ambo akaacha gari. Wewe una leseni ya miezi minne na hujawahi kutoka nje ya mitaa. Na baba yako anasema kuliko kupelekwa na wewe, bora aende mara moja kwa wiki kwa lifti ya mtu yeyote. Nesi alishakueleza mara moja kwa wiki maana yake nini. Sitaiandika.

Basi tuna wiki kumi na mbili, na zinatosha. Wiki ya kwanza usiwashe gari. Liinamie. Pima upepo wa tairi asubuhi kabla halijatembea, pamoja na lile la akiba, maana watu hulikumbuka siku wanapolihitaji. Badilisha tairi moja wewe mwenyewe, kwa mikono yako, mwanamume yeyote akija kukusaidia mfukuze. Wiki ya pili na ya tatu, Jumapili asubuhi, pamoja na jirani, nenda kwenye barabara kuu ukajifunze vitu viwili tu. Kwanza kuingia: chukua kasi ukiwa bado kwenye njia ya kuingilia, indiketa, kioo, geuza shingo utazame kwa macho yako, ingia. Anayesimama mwishoni mwa njia hiyo akisubiri kuhurumiwa ndiye anayegongwa. Pili, umbali. Gari la mbele likipita nguzo, sema kwa sauti: "Sina haraka na mtu, sina haraka na mtu." Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, umeganda mno matakoni mwa mwenzako. Mvua ikinyesha, sema mara nne.

Niambie pia ni gari gani. Hukusema.

Shangazi yako


25 Februari

Shangazi mpendwa, shikamoo,

Sisi wote wazima, ukiacha baba ambaye ni wa kwenda na kurudi, unajua. Siku ya mashine anarudi kalegea kama kitambaa kilichokamuliwa, kesho yake anatengeneza saa za watu akipiga mluzi. Mama anakusalimu na anasema ukome kumtumia baba magazeti yenye barua zako; anayasoma chooni halafu anatoka amenuna. Kazini wamenihamisha kutoka kukata sponji kwenda kushona kingo za magodoro. Ni heshima kubwa, ila vumbi la sponji bado linanifuata mpaka kitandani, na mama anasema nikipiga chafya unatoka mto.

Masomo yamekwenda hivi. Tairi nilibadilisha. Ilichukua dakika hamsini, na jirani alikaa juu ya ndoo akinihesabia kwa sauti kama refa. Tairi la akiba lilikuwa halina upepo kabisa, shangazi. Lingetuua kwa aibu.

Kuingia barabara kuu: Jumapili ya kwanza nilifanya yale yale uliyokataza. Nilifika mwisho wa njia nikasimama. Jirani akauliza, "Unasubiri mwaliko?" Nilitoka jasho mpaka usukani ukateleza. Mwalimu wangu wa udereva, yule tuliyemwita Mwalimu Kofia, alinifundishia uwanjani, nikizunguka magoli, na gia ya tatu niliiona siku ya mtihani tu. Sikujua kwamba kwenye kilomita themanini upepo unaimba mlangoni. Hakuna aliyeniambia kwamba gari linakuwa jepesi, kana kwamba limekuacha. Mara ya nne niliingia sawasawa. Jumapili iliyofuata niliingia mara saba mfululizo, nikatoka, nikazunguka, nikaingia tena, mpaka muuza mahindi wa pale njia panda akaanza kunipungia mkono.

"Sina haraka na mtu" nalisema mpaka kazini. Jana nimelisema kwa msimamizi, bahati mbaya.

Juzi tulienda kilomita arobaini, mimi na jirani. Tumerudi salama. Baba alikuwa amekaa kizingitini. Alitazama tairi, akatazama mlango, akanitazama mimi, akaingia ndani. Nikamwambia mama, "Angalau ametazama."

Gari ni dogo, la kijivu.

Shangazi, na wewe siku hizi unaendesha gari gani?

Kidevu wako


10 Machi

Kidevu,

Marahaba. Goti limepona, limebaki jina. Paka kahamishwa na fomu zimerudi, siku ya kwanza nimekuta basi lenye breki za upande mmoja tu, na mwenye basi akaniambia, "Mama, lakini linasimama." Nikamwambia hata ukuta unasimamisha. Kaenda kunishtaki. Namsubiri.

Mara saba mfululizo! Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili. Msimamizi wako avumilie.

Endelea hivi. Usitazame gari la mbele. Tazama mbele ya gari la mbele. Lori kubwa likija upande wa pili litakusukuma kwa upepo, kisha litakuvuta. Shika usukani kwa mikono miwili na usishindane nalo. Tairi likipasuka, mguu wako utataka breki kuliko unavyotaka uhai. Unyime. Shika moja kwa moja, achia mafuta, acha gari lichoke lenyewe, ndipo utoke pembeni. Fanya zoezi hili ukiwa umeegesha, macho yamefungwa, jirani akipiga kelele "Pwaa!" bila kukuonya. Utacheka mara tano za kwanza. Mara ya sita mguu utakuwa umejua. Simu iwe kwenye buti. Si mfukoni. Kwenye buti.

Na ukisikia usingizi, simama ulale. Wapo wanaume wazima wanaosema usingizi unaondolewa kwa kufungua dirisha na kuimba. Nimewavuta watu hao kutoka kwenye mitaro wakiwa bado na wimbo mdomoni.

Sasa nikukamate. Umeniandikia kurasa nne. Umeingia barabara kuu mara saba, umekwenda kilomita arobaini, na katika kurasa zote nne hujapita gari hata moja. Hakuna lori lililokuchelewesha? Hakuna trekta? Mtu akisimulia safari ya kilomita arobaini bila kutaja kupita, nimewahoji madereva miaka kumi na tisa, najua kuna kitu amekiruka. Na "dogo, la kijivu" ni maelezo ya panya. Nimekuuliza gari.

Kuhusu mimi: naendesha nyundo na tochi.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi, shikamoo,

Nimechelewa kwa sababu nilianza barua hii mara tatu. Mama mzima. Mimi mzima. Kazini salama.

Gari alilotuachia kaka lilitengenezewa nchi ambayo magari hutembea upande wa pili wa barabara. Usukani wake uko upande wa ukingo, si upande wa katikati. Ndiyo maana kaka alilipata. Hakuna mwingine aliyelitaka. Nikiwa nyuma ya lori naona majani ya pembeni na mgongo wa lori, basi. Anayeona kama mbele kunapitika ni abiria. Jirani alikuwa akiniangalizia. Anasema "pita," napita. Sikukuambia kwa sababu nilijua utasema nini, na kwa sababu baba alisema, "Usimwandikie shangazi yako habari ya usukani huo." Hakusema kwa nini.

Alhamisi ya tarehe ishirini na saba jirani aliamka na homa. Mama akamwambia baba, "Ama uende na mtoto, ama niende kukuchimbia kaburi mimi mwenyewe." Akapanda. Akakaa mbele, begi lake la hospitali magotini. Kilomita thelathini za kwanza nilikwenda sawasawa, shangazi, ungenisifu. Halafu tukafika nyuma ya lori la saruji lililokuwa linatambaa, na saa ya mashine ilikuwa inatukaribia.

Nikasema, "Baba, kuko wazi?"

Akainamia begi lake.

"Baba, niangalizie tu. Naweza kupita?"

"Usiniulize."

"Sioni kitu huku, wewe ndiye unayeona."

"Nimesema usiniulize mimi!"

Sijawahi kusikia sauti ile. Nikatoa pua ya gari mwenyewe. Basi lilikuwa linakuja. Nilirudi nyuma ya lori, sijui nilirudije. Yule wa nyuma yangu alipiga honi mpaka nikadhani ndiyo mwisho wa dunia. Baba akasema, "Simama." Nikatoka pembeni. Akashuka na begi lake akaanza kutembea kurudi nyumbani, kwa miguu, kandokando ya barabara kuu, mtu ambaye ngazi tatu za hospitali humkata pumzi. Niligeuza gari nikamfuata polepole, taa za tahadhari zikiwaka, kama kilomita nzima, nikimwambia dirishani, "Baba, panda. Baba, watu wanatutazama." Mwishowe alifungua mlango wa nyuma akalala kwenye kiti. Hatukufika kwenye mashine.

Tangu siku hiyo anasema afadhali amalize siku zake kitandani, na barabara kuu hatuioni tena mimi na yeye.

Nilimuuliza, "Kwani kulitokea nini zamani?" Akasema, "Muulize shangazi yako." Nilimuuliza mama. Mama akasema, "Alimwokoa baba yako. Zaidi ya hapo, muulize mwenyewe."

Kwa hiyo nakuuliza.

Kidevu


11 Aprili

Gari hilo liegesheni, mlitafutie mtu wa vipuri. Gari la namna hiyo kwenye barabara ya kupishana linaendeshwa na watu wawili, na watu wawili hawana kichwa kimoja. Usiliguse tena. Mtafute dereva mwingine wa kumpeleka baba yako. Mji hauwezi kukosa dereva.

Ya zamani kati yangu na baba yako hayahusiani na masomo haya. Usiniulize tena.

Shangazi


18 Aprili

Shangazi, shikamoo. Naanza na salamu kwa kuwa wewe umezisahau. Hujambo? Goti je? Mama anakusalimu. Baba hajasema kitu.

"Mtafute dereva mwingine, mji hauwezi kukosa dereva." Hayo ni maneno yako, na sasa acha nimalizane na wewe.

Nimewatafuta. Wa kwanza ana teksi isiyo na mikanda na alinipokea akiwa ananuka pombe saa nne asubuhi. Wa pili anaweza Jumatatu, hawezi Alhamisi. Wa tatu alisema wagonjwa wanamletea mkosi. Hao ndio madereva wa mji wako usiokosa dereva. Wote wana miaka ishirini kwenye usukani, na hakuna hata mmoja aliyebadilisha tairi akiwa anahesabiwa na refa.

Wewe ndiye uliyeniandikia kwamba wanaosema haiwezekani ni wa aina mbili, wanaojisifu na wanaoogopa. Kujisifu kwako nakujua na nakupenda. Lakini barua yako ya mistari sita haikujisifu. Iko kundi la pili. Unaogopa nini, shangazi? Unapigana na wenye mabasi, na magazeti, na mkuu wako wa kazi, na paka. Halafu mimi nauliza swali moja, unatoka mbio.

Baba amekosa Alhamisi mbili, hata jirani akimgongea mlango na teksi yake. Miguu imevimba hadi viatu havimwingii. Anavaa ndala za mama. Jana nilimkuta ameishika saa ya mteja, ameinamisha kichwa, nikadhani anatazama ndani yake. Alikuwa amelala. Nesi amenipigia simu kazini, katikati ya mashine za kushonea, akasema, "Dada, sikutishi. Nakuambia."

Jirani anaondoka tarehe thelathini. Jumatatu ya tarehe tano Mei, kabla jua halijakaa sawa, nitawasha gari la kijivu na kumpeleka baba yangu, hata kama nitambeba mgongoni mpaka mlangoni. Nimeshaamua. Kwa hiyo kilichobaki ni kimoja: ama niende nikijua ulichoficha, ama niende bila kujua. Chagua wewe.

Mpwa wako


26 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, na umenishinda. Kwa miaka mingi nimewapiga watu kwa maneno yao wenyewe. Sikujua yanauma hivi. Goti linauma. Hapa kazini hakuna jipya.

Somo kwanza, maana Jumatatu haingoji. Gari hilo litafika, kwa sharti moja: kwenye barabara ya kupishana hutampita mtu. Wala lori, wala trekta. Na hutamuuliza abiria kitu, hata akiwa rubani wa ndege. Ukiwa nyuma ya lori, usimsogelee. Rudi nyuma mbali zaidi, mara nne za "sina haraka na mtu," na utashangaa: ukiwa mbali lori linakuwa dogo na barabara inafunguka mbele yako hata kutoka upande huo. Wa nyuma yako wakipiga honi, washa indiketa ya kutoka, sogea ukingoni mahali palipo wazi, waache wapite. Nimewauliza madereva wanaotoka huko: kati ya kilomita ya hamsini na nane na ya sabini na sita kuna njia mbili mbili kila upande. Hapo pita ukitaka, kwa vioo na kwa shingo yako. Kwingineko vumilia. Mashine ni saa tatu. Nyie ondokeni saa kumi na mbili kasorobo. Hiyo saa moja ya ziada ndiyo itakayokuwa badala ya macho ya mtu mwingine. Wapo watakaokucheka kwamba unaendesha kama bibi harusi. Waache.

Sasa lile uliloniuliza. Nataka lisikiwe na baba yako. Msomee kuanzia hapa, kwa sauti. Akiondoka chumbani mfuate. Akifunga mlango soma mlangoni.

Mdogo wangu,

Miaka ishirini na saba iliyopita mimi na wewe tulikuwa na lori lenye usukani upande wa ukingo, kama hilo la kijivu. Mimi naendesha, wewe unaangaliza. Ulikuwa na maneno mawili, "twende" na "bado," na kwa miaka mitatu nilipita magari maelfu kwa maneno yako, na hukukosea hata mara moja. Siku ile tulikuwa nyuma ya tangi la maji, na mimi nilikuwa nimemwahidi mtu kwamba tutafika kabla ya mchana. Nilitoka. Pikapu ilikuwa inakuja. Mwenye pikapu alipoteza mguu, wewe ukavunjika mbavu na kupoteza fahamu, mimi sikupata hata mkwaruzo.

Polisi niliwaambia mimi ndiye dereva, nimeamua peke yangu, hakuna aliyeniambia nipite. Wakaninyang'anya leseni. Nyumbani wakasema, tazameni alivyombebea mdogo wake. Mama alilia kwa fahari. Na wewe, ulipozinduka hospitalini siku ya pili, kichwa kimefungwa, jambo la kwanza uliloniuliza lilikuwa hili: "Dada, nilisema twende?"

Sikukujibu. Nilikutengenezea shuka. Nikasema, "Pumzika."

Ulisema bado. Ulisema mara mbili. Mara ya pili ulisema kwa nguvu na ukanishika mkono. Nilisikia vizuri sana. Nilitoka kwa sababu nilikuwa na haraka, na kwa sababu miaka mitatu ya kutogongwa ilikuwa imenifanya niamini ninayo damuni. Maneno niliyoyaita uongo wa kivivu katika barua ya kwanza kwa binti yako, nayajua vizuri kwa sababu yalikuwa yangu kabla hayajawa yako.

Polisi niliwaambia ukweli, ndiyo maana uongo wangu ukakaa vizuri hivyo. Wewe ukadhani nimekufichia. Ukaniona nimekuokoa, ukashindwa kunitazama usoni, ukaacha malori ukajifungia na saa. Mimi nikakuacha uamini hivyo, kwanza kwa hofu, kisha kwa aibu, kisha kwa mazoea. Nimewaandikia wahariri barua mia kuhusu waongo wa barabarani. Hakuna hata moja iliyonitaja mimi mwenyewe. Tangu siku ile sijashika usukani. Naenda kazini kwa miguu, nakagua magari ya wengine, na mpwa wangu akiniuliza naendesha nini, nafanya mzaha.

Mguu wa mtu yule uko mikononi mwangu. Haukuwahi kuwa mikononi mwako hata siku moja. Ulikuwa macho mazuri kuliko yote niliyowahi kuwa nayo kwenye gari, na nilikudharau.

Kwa hiyo hofu yako ni halali, lakini haikuwa yako, nilikubebesha mimi. Binti yako aliyekaa hapo akikusomea hajafanya kosa langu. Alipoona hajui, alirudi nyuma ya lori. Mimi sikurudi. Ana leseni ya miezi sita na ameshanizidi.

Sikuombi unisamehe, hilo si la kuomba kwa posta. Nakutaka hivi. Jumatatu, saa kumi na mbili kasorobo, uwe umeshavaa, ndala za mkeo zinatosha. Kaa kiti cha nyuma, funga mkanda, na usimsemeshe dereva. Mkifika, mashine hiyo itakushika kwa muda wa saa nne na mkono mmoja utakuwa huru. Mwambie binti yako akupe kalamu. Niandikie yote uliyopaswa kunitukana kwa miaka ishirini na saba, usiruke hata moja, na Alhamisi urudi umalizie.

Dada yako